Dole Gumba la Mjomba

Baba alifia Ndola, akamwachia mama nyumba huko. Wakati huo viwanda vya Morogoro vilikuwa vinauzwa na mimi nimeshapunguzwa kazi, kwa hiyo ikaonekana niende mimi Zambia kuiuza. Wakili akaandaa hati ya kunipa mamlaka ya kuuza kwa niaba ya mama. Kilichobaki ni mama kuweka dole gumba.

Mama akagoma. Kwetu Waluguru, mali ya mwanamke haiguswi kabla kaka yake hajasema. Nikapanda milimani Matombo kumfuata mjomba. Alishuka nami kwenye mvua hadi kwa wakili, miguu imejaa tope, na wakili aliposogeza kidau cha wino, mjomba akawahi kubonyeza dole gumba lake mahali pa mwenye mali. Hati ikaharibika. Tukaambiwa turudie.

Hati mpya ilipokuwa tayari, mjomba alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa nimechoka na safari zile, nikamwambia mama kwa ukali kwamba sheria haimtaki mjomba, inamtaka yeye.

"Nimesikia," alisema, akaunyoosha mkono kwangu. "Basi nishike, mwanangu. Sijawahi kuamua peke yangu."