Kidole gumba cha Cucu Nyambura kilivyotaka kuzika utafiti wetu Endarasha

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, ambako baridi ya mwezi huu haina adabu.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wako hai na wengine bado wana hasira.

Kazi yangu ni kusimamia pesa za serikali za utafiti wa lugha. Ndiyo, iko kazi kama hiyo. Msicheke.

Mtafiti anaomba ruzuku, mimi naangalia inatumika vile aliahidi. Isipotumika kufikia mwisho wa June, inarudi hazina na project inakufa.

Sasa, kuna mtafiti mmoja, tumwite Dr. Wanja. Alikuwa anachunguza vile nyanya wa Kieni wanaongea na watoto wachanga, ili ajue mtoto anaokota wapi lugha yake ya kwanza. Anaacha kinasa sauti nyumbani, nyanya anaendelea na shughuli zake.

Sheria ya mfuko wetu ni ngumu: kila sauti lazima iwe na kibali cha mwenyewe. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba. Akiondoa kibali, rekodi inafutwa.

Kwenye bajeti, Dr. Wanja alikuwa ameomba siku ya kukaa na kila familia kwanza. Chai, mkate, maelezo. Makao makuu wakakata. Wakaandika pembeni: "Chai si utafiti." Nilibishana nao nikashindwa.

Basi Cucu Nyambura, mmoja wa nyanya hao, wa Endarasha huko Kieni, akaweka kidole akiwa peke yake jikoni, mbele ya wageni walioshuka kwa gari la serikali, lenye namba za GK.

Wa huku kwetu mshaelewa shida iko wapi.

Kwa wengine: huku mlimani, mzazi akiweka kidole kwenye karatasi na watoto wake hawapo, majirani hawaulizi kama shamba limeuzwa. Wanauliza limenunuliwa na nani.

Habari zikafika Nanyuki kwa Kariuki, kifungua mimba wa Cucu, muuza mbao. Akanipigia simu.

"Wewe ndio mkubwa wa hiyo pesa? Kesho kuja Endarasha. Usipokuja, mimi nakuja huko na wakili."

Wakati huo huo akina mama wengine waliorekodiwa wakaanza kudai vidole vyao virudishwe. June ilikuwa inaisha. Rekodi za Endarasha zikifutwa, hakuna utafiti tena. Kesho yake nilienda na Dr. Wanja.

Kariuki tulimkuta getini. Hakutusalimia. Mdogo wake Mwangi, anayeishi hapo na mama na kulima hilo shamba, alikuwa ameegemea tangi la maji.

"Nataka kusikia kenye mmechukua kwa mama yangu," Kariuki akasema.

Cucu akajibu kutoka jikoni, "Wawekee wasikie. Mimi sijaiba."

Dr. Wanja akawasha. Kuku. Sufuria. Mtoto analia. Kisha sauti ya Cucu ikimbembeleza binti wa Mwangi, ambaye kwa desturi yetu amepewa jina lake, kwa hiyo ni kama yeye mwenyewe:

"Nyamaza Nyambura, nyamaza mimi. Hii shamba yote mpaka kwa mto ni yetu sisi wawili. Nikienda, wewe uko."

Wakuu, niliona uso wa Kariuki ukibadilika.

Dr. Wanja alikuwa ameisikiliza rekodi hiyo mara nyingi, lakini yeye alikuwa akifuata vile sauti inapanda na kushuka. Habari za shamba zilimpita kabisa.

"Futa," Kariuki akasema. "Futa saa hii."

"Usifute!" Mwangi naye akaruka. "Nataka copy. Na uniandikie ni mama amesema."

Hapo nilitamani ningekuwa nasimamia pesa za barabara.

Kariuki akaingia kwa pickup yake, akaiegesha getini, nyuma ya gari letu. "Hiyo gari haitoki hapa."

Majirani walishajaa kwenye ua. Nikawaambia hao ndugu wawili sauti si yangu wala si yao, ni ya mama yao. Yeye peke yake ndiye wa kusema ifutwe. Na copy haitoki kwa mtu, hata aje na wakili.

"Ati ya mama!" Kariuki akanyoosha mkono. "Leta hiyo kitu." Dr. Wanja akakumbatia kinasa sauti kifuani, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango wa gari.

Ndipo Cucu akatoka, mtoto mgongoni. Hakupaza sauti.

"Kariuki, huyu alikuwa analia, nikamnyamazisha. Hata wewe ukiwa mdogo hivi nilikuambia hii shamba ni yako. Na Mwangi nikamwambia. Wote mlinyamaza."

Mtu akacheka kule kwenye ua.

"Sasa mnauliza hiyo redio shamba ni ya nani. Kwani mimi siko hapa? Ama nilikufa na hamkuniambia?"

Kariuki akaenda kuondoa pickup.

Cucu akaamuru chai. Tulikaa mpaka birika likaisha, Dr. Wanja akieleza, majirani wakiuliza. Halafu Cucu akaweka kidole upya, wanawe wawili wakatia sahihi kama mashahidi. Wale akina mama wengine waliposikia Kariuki ametia sahihi, wakatulia. Pesa haikurudi hazina.

Shamba litakuwa la nani, sijui. Mwangi na kaka yake bado hawaongei sana.

Nilichojifunza ni kwamba kibali cha huku hakitolewi na mtu mmoja jikoni. Kwenye bajeti mpya nimerudisha chai, na safari hii wakiikata nitawapeleka wenyewe Endarasha wakamweleze Kariuki.

Mnaoshika pesa za umma, nyinyi mnafanyaje kwa mambo kama haya? Semeni hapa chini, hata kunitukana ruksa.

Na wewe mwenye mama shambani, mwenye swali ambalo umekuwa ukiuliza majirani na mawakili: mpigie yeye. Mimi nilimpigia wangu nikiwa bado njiani kurudi Nyeri.