Ponti ya Mbio

Mama yangu alikuwa anabebaka kitunga ya viazi ku mugongo, anapanda mulima na hatua ndogo-ndogo, sisi batoto tunamupita mbio na kumucheka. Anatukuta juu tumelala, pumzi imetuisha. Nikiwa mukubwa sasa, ilifaa nikuwe nimejifunza kwake.

Mudogo yangu alikuwa na jeep ya zamani, hapa Kibabi. Bwate ya vitesi, sanduku ya gia, ilikuwa nzima, lakini ponti, ile chuma yenye kugeuza pine za nyuma, ilikufa. Fundi akatuonyesha mbili: moja ya nguvu, ya kupanda, na ingine ya mbio.

"Ya nguvu," mudogo akasema.

Nikamucheka. "Unataka kulima na jeep? Weka ya mbio, bantu batuone!"

Akanisikia, kwa sababu mimi njo mukubwa.

Muke wake akashikwa na uchungu ya kuzaa siku ya mvua. Tukamupakia mu jeep tumupeleke hospitali. Ku mupando, hata na vitesi ya kwanza, moteri ikakosa nguvu, ikazima. Tukawasha, ikazima tena. Akafia pale mu jeep, mutoto tumboni.

Kisha kuzika, mudogo akaniwekea funguo mu mukono.

"Kaka, wewe njo uliipenda."

Akashika njia ya Pinga na miguu. Hakurudi tena.