Kijani cha Ukutani Ni Jikoni kwa Mama

Leo nimeipigia makofi nyumba yetu iliyosombwa na mto. Ndiyo, mimi mwenyewe.

Tulikuwa kwenye mkutano wa mazingira hapa Mbale. Bwana mmoja wa ofisi ya mazingira anatuonyesha ukutani picha za setilaiti za bonde la mto Nabuyonga.

Picha ya zamani, kingo zimejaa mabati ya nyumba. Ya mwaka huu, kijani kitupu.

"Uoto umerudi," anasema. "Asanteni kwa kuupisha mto."

Makofi! Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu. Chekeni tu.

Mama yangu akainuka. Akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye kona ya mto.

"Bwana, hapa ni jikoni kwangu. Hatukuupisha mto. Mafuriko yalitusomba. Hayo ni magugu."

Mtu akakohoa.

Yule bwana akatabasamu. "Mama, kwa setilaiti, magugu na msitu vyote ni kijani. Muhimu msirudi pale."

Halafu wakatugawia miche ya miti.

Mama kafika nayo hapa mtaani Namakwekwe, kwenye chumba chetu cha kupanga. Ameishikilia, ananiuliza aipande wapi.

Nyie mngemjibu nini?