Haya ya Kwenye Redio

Shangazi yangu ndiye anayewaachia wageni wateleze kwenye waya unaovuka bonde. Wanamfikia jioni, baada ya kupanda boti ya mpira kwenye maji ya kasi na pikipiki kwenye matope, kila mmoja ana haraka. Akimwachia mtu kabla aliyetangulia hajafika, watagongana juu ya bonde.

Jana ukungu ulifunika ng'ambo, akabaki kutegemea redio ya mawasiliano na shemeji yake anayepokea wageni kule. Mama mmoja alishatangulia. Mumewe alikuwa amefungwa mikanda, miguu ukingoni, redio iliposema, "Haya."

"Umesikia, mama? Niachie."

Shangazi akakaza mkono kwenye mkanda wa bwana huyo. "Shemeji, haya nini?"

Redio kimya.

"Haya ni haya," bwana akasema, akijisukuma mbele.

"Huyo hata akipiga chafya husema haya. Tulia, baba."

Redio ikakwaruza. "Shemeji, usiachie mtu. Mama amekwama katikati, ile haya nilikuwa namtuliza yeye. Namfuata kwa kamba."

Bwana akarudisha miguu, akakaa kwenye mbao. Shangazi hakuuachia ule mkanda mpaka redio iliposema, "Amefika, mzima."