Elia Alitufuata Atakama

Usiku ule nililala na koti, soksi mbili mbili na kofia ya sufu, na bado baridi ilinipenya hadi kwenye meno. Tulikuwa San Pedro, mji mdogo wa nyumba za udongo katika jangwa la Atakama, kaskazini mwa Chile, ambako mchana jua linachoma kama pasi na usiku maji yanaganda ndooni. Kwenye kitanda cha pili, upande wa dirisha, alilala wifi yangu Tumaini, amenipa mgongo. Hatukuwa tumesemezana vizuri tangu turudi kutazama nyota.

Tumaini ni dada yake Elia, na Elia alikuwa mume wangu. Alifariki mwaka juzi, Moshi, kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa fundi umeme, na nadhani ndiye fundi umeme pekee aliyefurahi umeme ukikatika. Mtaa mzima unalalamika, yeye anatoa kiti uani, anakaa, anainua uso. "Njoo, Neema," ananiita. "Sasa ndiyo mbingu imewashwa." Aliwahi kuona picha ya jangwa hili lisilo na mawingu, na tangu siku hiyo akawa anasema tutakwenda sisi watatu, yeye, mimi na dada yake, tumebeba mabegi mgongoni kama vijana. Hakuwahi. Tumaini ni muuguzi huko Hispania, anakisema Kihispania kama wenyewe, na ndiye aliyenipigia simu akasema, "Wifi, twende sisi tuliobaki."

Tukaenda. Tulianzia Arika, penye bahari ya baridi, tukashuka Ikike, mji uliobanwa kati ya maji na mlima wa mchanga, tukapita Kalama ya wachimba shaba, ambako vumbi tulilikuta hadi kwenye mkate. Ndani ya mabasi tulizungumza kila kitu: miguu iliyovimba, supu zisizo na pilipili, mbwa wanaolala katikati ya barabara bila wasiwasi. Kila kitu isipokuwa Elia. Nikimtaja, Tumaini anageukia dirisha. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akitamka jina la kaka yake.

Jioni ile mwongozaji wetu, mama mmoja wa makamo aitwaye Yolanda, alitutoa nje ya mji hadi mahali pasipo na taa hata moja. Alitumiminia chai ya moto, akatuonyesha mbingu kwa tochi ya mwanga wa kijani. Akasema, Tumaini akinitafsiria, kwamba wazee wake hawakusoma nyota peke yake. Walisoma pia giza lililo katikati ya nyota. Akapitisha tochi taratibu kwenye pengo jeusi ndani ya ule mkanda mweupe wa mbinguni, akachora shingo, mgongo, miguu: lama, yule mnyama wao mfano wa ngamia asiye na nundu, na chini yake mtoto ananyonya. Nikamwona. Nikajisahau, nikasema, "Elia angelia hapa."

Tumaini akaacha kutafsiri.

"Wifi, nimekuomba usimtaje."

"Hujaniomba. Umekuwa ukinyamaza tu."

"Basi sasa nakuomba."

Akaenda kukaa garini. Tuliporudi chumbani alianza kukunja nguo zake, akaniambia kuwa asubuhi atapanda basi la Kalama, kisha atarudi Hispania. "Wewe endelea na safari. Mimi siwezi." Nikamwuliza ni jambo gani asiloliweza. Akazima taa.

Mimi na Elia hatukujaliwa watoto. Nilikaa gizani nikifikiri kwamba wifi huwa wifi kwa sababu ya mtu aliye katikati, na mtu huyo akishaondoka, hakuna anayejua undugu unashikiliwa na nini. Kwa hofu hiyo nikalala.

Sikumbuki usingizi ulivyonichukua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama tena kule jangwani, kwenye foleni ya watu wanaongoja darubini. Walikuwa wengi, kila mmoja amejifunika blanketi. Mbele yangu alisimama mwanamume aliyevaa shati la kazi la buluu, bisibisi imechomoza kwenye mfuko wa nyuma. Kisogo kile nilikijua kabla hajageuka. Sikushtuka. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba Elia naye amekuja na anangoja zamu.

Akageuka. Ile rangi ya manjano ya machoni, aliyoletewa na ugonjwa, haipo tena. Macho ni meupe, na yanacheka.

"Umejifunika vizuri?" ananiuliza. "Huku kuna baridi."

Nataka kumshika mkono, lakini zamu yangu imefika. Nainama kwenye darubini na sioni nyota. Naona wodi ya hospitali, na tayari nimo ndani yake, natembea, na chini ya miguu yangu si sakafu bali chumvi, inavunjika kama maganda ya mayai. Vitanda vyote ni vitupu isipokuwa kimoja. Kando ya kitanda hicho nipo mimi. Najiona nimelaza kichwa kwenye godoro, nimekibana kiganja cha mgonjwa kwa mikono miwili, nasema lile nililokuwa nikilisema usiku na mchana: usiniache, Elia, usiniache.

Elia mzima amesimama ubavuni pangu. Tunawatazama wale wawili kama wazazi wanavyotazama watoto waliolala.

"Nilikusikia," anasema. "Ndiyo maana nilikaa."

Yule mimi wa kando ya kitanda anainuka, anatoka kwenda kunawa uso. Mlangoni anaingia Tumaini na begi lake la safari, nguo alizosafiri nazo hajabadilisha. Analiweka begi chini, anainama sikioni mwa kaka yake. Midomo yake inacheza, lakini sauti hainifikii, kana kwamba kuna kioo kati yetu. Naona tu mkono wake ukimpapasa paji la uso, polepole, kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa.

"Anakwambia nini?" namwuliza Elia.

Sasa tuko uani kwetu. Umeme umekatika, mtaa wote mweusi, kiti chake kiko pale pale na amekikalia. Lakini mbingu iliyo juu ya paa letu ni mbingu ya Atakama, na lama amesimama na mtoto wake juu ya tangi la maji la jirani. Nakaa chini, naegemea goti lake. Goti lina joto. Katika yote niliyoyaona, hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine, lile joto.

Kisha anasema, macho yake yakiwa bado juu, akimtaja dada yake kama alivyozoea kumwita:

"Mwambie Tuma nilikuwa nangoja mtu wa kuniruhusu. Aliponiruhusu, sikuumia tena."

"Mwambie mwenyewe," namjibu, maana neno hilo limenichoma kidogo. "Yuko hapo ndani."

"Nimegonga sana. Hafungui. Ndiyo nikaja kwako."

Taa za mtaa zinaanza kuwaka, moja, nyingine, nyingine, na nyota zinafifia juu yetu. Elia anasimama, anakunja kiti chake. "Umeme umerudi," anasema kwa ile sauti yake ya masikitiko, na nikanyoosha mkono nimzuie, nikashika blanketi.

Kulikuwa kunapambazuka. Tumaini alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, viatu miguuni, begi limefungwa tayari. Alikuwa akinitazama.

"Ulikuwa unaongea usingizini," alisema.

"Nilisema nini?"

"Ulisema, mwambie mwenyewe."

Nikainuka nikakaa. "Wifi, najua umeniomba nisimtaje," nikamwambia, "lakini hili nimetumwa, si langu. Elia amekuja. Amesema nimwambie Tuma kwamba alikuwa anangoja mtu wa kumruhusu. Na kwamba alipomruhusu, hakuumia tena."

Tumaini aliinama akafungua kamba za kiatu kimoja, akazifunga tena, akazifungua. Ndipo akasema.

"Ulikuwa umetoka kwenda kunawa uso. Madaktari walikuwa wameshatuambia hasikii tena. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, wifi, nimekaa na wengi wanaokufa. Nilimwona amechoka. Nikamwambia sikioni, kaka, nenda, usiogope. Neema nitamtunza mimi. Na kabla hakujakucha, alikuwa ameondoka." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Wewe ulikuwa umemshikilia kwa nguvu zako zote, na mimi nimefika saa ile ile nikamwachia. Ningekutazamaje? Kila ukilitaja jina lake naona kama unaniuliza."

Sitasema uongo, iliniuma. Hasira ilinipanda, kwa sababu mimi nilimwomba abaki, na kumbe nyuma yangu alikuwepo aliyemwambia aende. Ndipo yakanijia yale maneno mengine aliyoyasema Elia, yale aliyonipa mimi, na nikayaelewa kwa mara ya kwanza.

"Hata mimi alinisikia," nikamwambia. "Alisema ndiyo maana alikaa. Alikaa mpaka ukafika, Tuma. Nisingemshikilia, ungemkuta ameondoka."

Akaniangalia kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Tuma isipokuwa kaka yake.

"Elia," akasema. Alilitamka taratibu, kama anayejaribu chakula cha moto. Kisha akalia, na nikahamia kitandani kwake tukalia wote, bila kelele, tusiwaamshe wageni wa chumba cha pili. Nje palikuwa pamekwisha kuwa peupe, na kulisikika mtu akifagia uwanja.

Baadaye akaniuliza alikuwa amevaa nini.

"Shati la kazi. Lile la buluu."

"Amenenepa?"

"Kidogo. Na macho yamerudi kuwa meupe."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akiliweka hilo moyoni. Akavua viatu, akavuta blanketi, akanifunika miguu yangu na yake.

"Nisimulie tena, wifi," akasema. "Anzia pale ulipomwona."