Siku Niliyoonja Kila Kikombe

Asifiwe Mungu wa subira, aliyetuvusha ziwa na mipaka akatupa pa kulima hapa kambini Nakivale, Uganda, na ambaye hata mtu akijiaibisha mbele ya umati bado humwamsha asubuhi na kumpa chai. Nasema hivyo kwa sababu nilijiaibisha, tena si kidogo, mimi mzee wa kanisa, na mahali penyewe (mtanisamehe) palikuwa tamasha la kuonja bia.

Ngojeni nieleze kabla hamjaanza kuniombea. Mke wangu, Mama Neema, hukamua mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajachacha, na huyauza sokoni Isingiro. Siku moja mama mmoja wa Mbarara, jina lake Peace, aliyanywa, akaomba kikombe cha pili, akasema yeye husimamia tamasha la kila mwaka ambapo watu wanaopika bia zao wenyewe, kidogo kidogo, huzileta zionjwe, na sasa anatafuta kinywaji cha madereva na cha waliookoka. Mama Neema alete bidoni mbili, yaani madumu mawili. Watu wakipenda, atakuwa na meza yake kila mwaka, na mkahawa mmoja wa Kamukuzi, huko huko Mbarara, utachukua mutobe wake kila wiki. Mke wangu aliimba siku ile yote. Ila Kinyankole, lugha ya huko, hakijui, nami nakijua kidogo, basi nikavaa suti yangu ya ibada nikaenda naye. Mchungaji nilimwambia mapema. Akasema, "Uende, Mzee, lakini ukae kama Danieli."

Danieli aliwakuta simba. Mimi niliwakuta vijana wapole wenye aproni, na nakiri nilitamani kujua kila kitu. Kwetu watu huketi wakanywa bia ya mtama kwa mirija, maneno ya kijiji yakisemwa. Hapa walisimama, kila mmoja na glasi ndogo kama ya dawa ya kikohozi, akimiminiwa anaiinua juani, anaizungusha, anaingiza pua, anafumba macho kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nikasogea meza ya jirani kuuliza. Kijana mwenye meza akanieleza kwamba hii ina asali, ile ina mtama, na ile nyeusi ina kahawa (kahawa ndani ya bia, ndugu zangu, nami nikanusa, kunusa tu). Mara bwana mmoja akaonja ile ya asali na kuitema ndani ya ndoo. Nikamhurumia kijana, nikadhani kazi yake imekataliwa. Akacheka, akasema wanaoonja nyingi hutema ili wasilewe. Kumbe hata kutema kuna heshima yake.

Nikarudi mezani kwetu. Mama Neema alikuwa bombani anaosha glasi, na mgeni wetu wa kwanza alikuwa amefika, bwana mrefu mwenye miwani. Nilimmiminia, akainua mutobe juani, akaona una ukungu, akaniuliza umewekwa nini, mkono ukisita. Hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo. Kwetu Kivu ya Kusini, anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza yeye, mgeni ajue hakuna sumu, na sisi ni wakimbizi, watu hawatujui. Basi nikajimiminia glasi, nikainywa mpaka chini, nikamwambia sasa anywe kwa amani. Akaipenda sana desturi hiyo, akanywa, akawaita wenzake. Lakini wenzake hawakuwa wameniona nikionja, kwa hiyo nikanywa na kwa ajili yao, mmoja mmoja, kisha na kwa ajili ya waliokuja nyuma yao, na watu wakaanza kuja ili tu wamwone mzee anayekunywa kabla yako. Kutema? Ningeutemaje mutobe wa mke wangu, naye yuko bombani ananiona?

Ilipofika saa ya chakula tumbo langu lilikuwa limekaza kama ngoma ya kwaya, na haja ndogo haikuwa ndogo tena. Vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mama Neema aliporudi na glasi nikaanza safari, na hapo Peace akanishika mkono.

"Sebo, mzee, watu naulizia wewe. Kuja salimia watu kidogo, halafu ombea chakula."

Mtu aliyezoea kuombea mkutano hajui kuomba kwa ufupi. Nilishukuru kwa mvua, kwa migomba, kwa nchi iliyotupokea na viongozi wake, nikafika kwa wajane, na mwili ukaniambia wazi kwamba hauwezi kungoja mayatima. Nikasema amina, nikakiweka kipaza sauti chini, nikakimbia magoti yamebanana. Watu walipofumbua macho, mwombaji wao alikuwa tayari yuko mbali. Kwenye kona ya meza ya jirani mguu wangu ukaikuta ile ndoo. Nikaanguka nayo, ikanimwagikia kifuani kote, asali, mtama na kahawa, vyote vikiwa vimekwisha kupita vinywani mwa watu. Nikasimama nikaendelea. Choo nilikifikia, jina lake litukuzwe.

Nilikaa humo kwa muda, si kwa haja, kwa huzuni. Nilijua nimeizika meza ya mke wangu kwa mikono yangu. Nilirudi polepole nikitegemea kukuta bidoni zimefungwa, nikakuta foleni. Mama Neema, bila neno moja la Kinyankole, alikuwa ameinua glasi moja juu wote waone, akanywa tone, kisha akawamiminia wote.

"Baba Neema," akasema bila kunitazama, "kwetu banaonjaka mutungi, mara moja tu. Ni nani alikufundisha kuonja kila kikombe?"

Alikuwa na haki. Peace alikuja akifuta machozi ya kicheko, nami nikajiandaa.

"Mama, mwaka kesho meza yako iko," akamwambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyankole, nami nikatafsiri. "Na Kamukuzi nasema lete. Lakini mzee tutamuweka karibu ya choo."

Hilo nalo nilitafsiri.

Jioni tulipofika Nakivale, Mchungaji alikuwa amesimama njiani. Upepo ulinitangulia kumfikia.

"Mzee, umekunywa?"

"Nimekunywa mutobe mwingi, Mchungaji, ila si hii bia unayonusa."

Mama Neema alimweleza yote, hakuacha hata ndoo. Mchungaji alicheka mpaka akashika ukingo wa ua wetu, kisha akaniambia Jumapili nitafunga ibada kwa maombi, mafupi.

Mwaka kesho nitaenda tena, Mungu akipenda, maana ile bia ya kahawa bado sijaelewa inapikwaje. Lakini nimeapa kwamba mutungi ni wa Mama Neema na kuonja ni kwake. Na wewe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akijaze kikombe chako mpaka kifurike, na akupe mtu wa nyumbani wa kukuambia lini unywe tone tu. Amina.