Kompyuta Yangu na Kisanduku cha Baba Mkwe

Niliishia darasa la saba, na studio ya kurekodi nyimbo hapa Kanoni ni yangu. Nyaya zote nimezifunga mwenyewe. Wenye vyeti huja kuniuliza bei.

Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kwaya ya usharika, alituletea kisanduku cha kunasa sauti, zawadi ya mwanawe wa mjini. Kabla ya zawadi hiyo kompyuta yangu haikuwahi hata kukohoa. Tangu ije, kwaya ikifika kwenye kiitikio, skrini inajaa herufi nyeupe, inaganda, na wimbo umepotea. Sikukuu ya mavuno ilikuwa mlangoni na nyimbo zilitakiwa.

"Mwanangu," akasema baba mkwe, akitafuna buni za kahawa nilizomkaribisha nazo, "mashine yako ni ya mtumba. Tukishindwa na leo, kwaya naipeleka studio ya Kayanga."

"Sawa, baba."

Mkwe huku kwetu hasahihishwi. Hata ukimkuta amekalia kofia yako, unamuuliza kama amekaa vizuri.

Nikaamua kompyuta ijisemee. Natumia Linux, na kiini cha mfumo, wenyewe wanakiita keneli, huandika kila kinachotokea. Ila kumbukumbu zile zilikaa kwenye memori tu. Ukizima na kuwasha, hamna kitu. Nikaiamuru izihifadhi kwenye diski. Kompyuta ikaanguka tena, nikafungua, mistari ya mwisho haimo. Keneli ikianguka ghafla haipati nafasi ya kuifikia diski, kama mtu aliyekata roho katikati ya sentensi. Wasomi hapo wangeitisha kikao. Mimi nikavuta kompyuta kuukuu chini ya meza, nikaziunganisha zote mbili kwa kebo ya mtandao, nikamwamuru mgonjwa amtumie mwenzake kila neno la keneli papo hapo, hata lile dogo kabisa.

Kwaya ikaimba. Kiitikio kikafika, kompyuta ikaanguka. Kwenye ile kuukuu, maneno ya mwisho yalikuwa yametulia yanatungoja.

"Baba, Kiingereza kinanipa shida. Nisomee."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani, mstari kwa mstari, mpaka kwenye jina la programu inayoendesha kisanduku, lilelile lililochapwa kwenye boksi lake. Akarudia, safari hii kimoyomoyo. Waimba besi wakaanza kukagua dari.

"Nani kaandika haya?"

"Kompyuta, baba. Mimi ningeyajulia wapi."

Akatafuna kidogo. Kisha akakichomoa kisanduku mwenyewe.

"Kimechoshwa na safari," akasema. "Leta kile chako cha zamani."

Jioni ile tukamaliza nyimbo zote. Siku ya mavuno, kabla mikungu ya ndizi haijanadiwa, mwenyekiti akawaeleza waumini jinsi alivyosoma kumbukumbu za keneli akaugundua ugonjwa. Wakampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Mke wangu alikuwa ananiangalia.